Barua kutoka Concord, 2024

Dada mpendwa,

Niko Concord, makao makuu ya jimbo la New Hampshire huko Marekani. Baridi ya huku inauma masikio, na theluji inayoyeyuka ilishaniingia viatuni kabla sijafika mtaa mkuu. Nikanunua soksi za sufu, dola 12. Nazo dola 12 ndizo nilizotoa, kwa sababu jimbo hili halina kodi ya mauzo. Raha iliyoje!

Nikiwa na miguu mikavu nikaelekea bungeni, penye kuba la dhahabu. Leo wananchi walikuwa wanatoa maoni kuhusu muswada wa bunduki: mfanyakazi aruhusiwe kuacha silaha yake kwenye gari lililofungwa, hata kama mwajiri hataki. Mlangoni bwana mmoja mwenye bastola kiunoni alinishikilia mlango, akaniuliza kwa upole kama nimepata pa kuegesha gari. Huku kubeba bastola hadharani ni jambo la kawaida kabisa. Mimi, dada, macho yalikataa kutoka kiunoni pake.

Chumba kilifurika, tukasimama ukutani. Anayetaka kusema anajaza kadi ndogo, anangoja jina lake liitwe. Muuguzi mmoja alieleza anavyotoka kazini usiku wa manane na kuendesha peke yake barabara za msituni; bunduki ingemtuliza moyo, ila kazini hairuhusiwi. Akafuata mama mmoja aliyesema ugomvi wa kazini huishia maegeshoni, na hapo hapo ndipo silaha itakapokuwa. Muuguzi nilimwelewa, lakini huyu wa pili ndiye aliyenigusa zaidi. Hakuna aliyezomewa. Niliwapenda kwa hilo.

Mzee aliyesimama karibu nami, mstaafu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, kumbe ni mbunge! Wako 400 katika baraza la wawakilishi, na mshahara wao ni dola 100 kwa mwaka. Kwa mwaka, dada, si kwa siku. Ni kama shilingi laki mbili na nusu za kwetu Tanzania. Ndiyo maana wastaafu wamejaa.

Alinialika tukanywe supu nzito ya maziwa, viazi na kome, akanieleza safari ya muswada huku akivunjia biskuti za chumvi bakulini. Kamati inapendekeza, kisha wabunge wote wanapiga kura, halafu unavuka kwenda Seneti yenye watu 24. Ukipita huko, gavana anausaini, anaukataa, au anauacha uwe sheria bila saini yake. Kila muswada lazima usikilizwe hadharani na upigiwe kura. Hakuna wa kufungiwa kabatini. Muswada wa kuruhusu kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, Gavana Maggie Hassan aliukataa 2015, ukarudi 2016 akaukataa tena. Februari 2017 gavana mpya, Chris Sununu, akausaini. Mzee alisema watu wa bunduki hapa hawachoki kurudi. Nikamuuliza wapinzani wao je? Akasema nao wajifunze kurudi.

Jioni sasa! Niko kwa mama mmoja wa Kivu, maana Wakongo wapo wengi kidogo katika mji huu. Nilimsikia dukani akiongea Kiswahili kwenye simu, nikamsalimia, akapiga kelele ya furaha hadi watu wakageuka. "Kuja tukule!" Ndiyo hivyo, nimekula fufu na sombe, kisamvu chetu kile kile, pamoja na samaki mkavu ambaye bei yake hakutaka kunitajia.

Binti yake anafanya kazi hospitalini, kwa hiyo habari za muswada alizisikiliza kwa makini. Aliuliza kama na yeye anaweza kwenda kusema, Kiingereza chake bado kikiwa cha kuungaunga. Nikamwambia kadi ziko pale, na sikuona mtu akiulizwa kitambulisho. Anasema muswada ukifika Seneti ataomba ruhusa kazini.

Wasalimie wote Tanga. Kesho nahamia Manchester, ya huku huku New Hampshire, nitakuandikia.

Nduguyo