Skuta ya Mwalimu Ugenini



Miezi hii tumepata barua mbili zenye ulizo moja. Baba mmoja atuuliza kama ni vema mwanawe, aliyepata kazi ya kufundisha katika nchi za Mashariki ya mbali, anunue skuta huko. Na mwalimu mmoja atuuliza kama leseni ya motokaa aliyoipata kwao yamtosha kuendeshea skuta ugenini. Kwa kuwa sisi wenyewe tulikaa miaka 2 katika mji wa Tainan, kisiwani Taiwan, tukifundisha watoto wa usharika mmoja Maandiko na Kiingereza, na kila siku tulipanda chombo hicho, twaona yafaa kuwajibu hapa, ili nyumba nyingine nazo zisikie.

Tainan ni mji wa kale, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Wakristo wa huko wana gazeti lao, ambalo mmisionari Thomas Barclay alianza kulichapa mwaka 1885, kwa lugha ya watu wenyewe na kwa herufi za Kirumi. Nasi tunaoandika katika karatasi ya namna hii tulifurahi sana kulijua. Upande wa kaskazini alikuwako George Leslie Mackay, aliyefika Tamsui mwaka 1872, akazunguka vijiji pamoja na wanafunzi wake, akihubiri na kung'oa watu meno mabovu. Walimu wa siku zile walikwenda kwa miguu. Wa siku hizi huenda kwa skuta, wala hatuoni ubaya, maana mwalimu mwenye madarasa 3 katika pembe 3 za mji hawezi kuyafikia yote kwa miguu na bado awe na sauti ya kufundishia.

Kwanza mjue chombo chenyewe. Skuta ni pikipiki ndogo, ila haina tangi la mafuta kati ya magoti. Mbele ya kiti pana nafasi tupu kama sakafu, ndipo mpandaji awekapo miguu yake. Haina klachi wala gia ya kubadili kwa mguu. Mtu hukaza mkono wa kuume, nayo huenda. Hulegeza, nayo hupunguza mwendo. Taiwan ina watu kiasi cha milioni 23, na skuta na pikipiki zao zapita milioni 14. Mama huenda nayo sokoni, na mboga amezitundika katika ndoana iliyo karibu na magoti. Fundi huchukulia ngazi yake. Mbwa husimama sakafuni, masikio yakipepea, kana kwamba ndiye nahodha. Tangu mwaka 2015 zimeenea pia skuta za umeme, ambazo mwenyewe hangoji betri ijae, bali hufika kituoni, huchomoa betri zilizokwisha, hutia zilizojaa, akaenda zake.

Wepesi huu ndio hatari ya kwanza. Mtu ajuaye baiskeli hupanda skuta leo, na kesho amekwisha kujiona dereva. Tena sisi twatoka nchi ambazo vyombo hupita kushoto, na huko hupita kulia. Mchana, katikati ya watu wengi, jambo hili halisumbui, maana mtu huwafuata wenzake. Ni alfajiri, barabara ikiwa tupu, ndipo mkono hukumbuka desturi ya kwao.

Juu ya leseni, ndugu mwalimu, jibu letu ni kwamba ile ya motokaa haikutoshi. Hata cheti cha kimataifa cha kuendeshea hakifai kwa skuta, ikiwa hakikupigwa muhuri mahali pa pikipiki. Lakini mgeni mwenye kibali cha kukaa nchini aweza kufanya mtihani kama mwenyeji. Hupimwa macho na mwili, kisha hujibu maswali, nayo yapo kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine za wageni. Atakaye kushinda hana budi kupata 85 katika 100. Ndipo huja mtihani wa uwanjani, nao ulitushangaza. Tulidhani tutaambiwa tukimbie. Tukaambiwa twende polepole. Ilichorwa njia nyembamba, urefu wake mita 15, upana wake sentimita 40. Yampasa mtu kuipita asikanyage mstari wala kutia mguu chini, tena asimalize kabla ya sekunde 7. Zihesabuni sekunde 7 hapo mlipoketi, mtaona ni kitambo kirefu kwa chombo cha magurudumu mawili. Aendaye mbio ameshindwa, na asimamaye ameshindwa. Vijana wenye nguvu, waliokuwa wakicheka, walishindwa mbele ya macho yetu. Na mama mmoja wa makamo, aliyekuja na kapu lake, alipita kama avutwaye kwa uzi.

Jambo la pili lililotupasa kujifunza ni kukata kushoto. Katika njia panda kubwa nyingi, mwenye skuta haruhusiwi kukata kushoto mara moja kama motokaa. Taa ikiwa ya kijani, hunyosha moja kwa moja mpaka ng'ambo. Huko, upande wa kulia, pamechorwa chini sanduku la rangi nyeupe. Huingia humo, hugeuza chombo kielekee anakotaka kwenda, akangoja taa ya barabara ile ya pili. Siku za kwanza twalikereka. Mtu akiona njia yake i tupu, kwa nini angoje? Lakini baada ya majuma machache tulilipenda sanduku lile. Mle huwamo mwenye benki na muuza samaki, mwanafunzi na daktari, bega kwa bega, hapana wa kwanza wala wa mwisho. Mara nyingi mzazi wa mtoto wetu wa darasani alitusalimu humo, akauliza habari za masomo, tukazimaliza kabla taa haijageuka. Ziara nyingi za nyumbani hazikutupatia mazungumzo kama hayo.

Sasa tuseme habari iliyotufanya tujibu kwa urefu huu. Mwalimu mwenzetu mmoja, kijana, mtu wa nchi nyingine, aliendesha skuta ya kukopa kwa miezi 8 bila leseni ya huko. Alikuwa mtu mwema na mwalimu hodari. Alisema wageni wengi hufanya vivyo hivyo, wala hawaulizwi, na alisema kweli. Jioni moja, mvua ikinyesha, alikanyaga mstari mweupe wa barabarani, ambao ukilowa huteleza kama sabuni, akamgonga bibi muuza mapapai aliyekuwa akivuka. Watu wa Tainan humwita mwanamke mzee A-ma, ndiyo kusema Bibi, na A-ma huyu mtaa mzima ulimjua. Alivunjika mfupa wa paja.

Tulikwenda naye hospitali, sisi na mzee mmoja wa usharika. Hapo ndipo tulipojua kazi ya bima. Bima ya lazima ya chombo humlipa aliyeumizwa, na hilo ni jema sana. Lakini dereva akiwa hana leseni, kampuni yaweza kumrudia na kumdai fedha ile iliyotoa. Gharama nyingine zilipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi la wilaya, ambalo huwapatanisha watu bila malipo. Mwana wa A-ma hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mama yake ameivuka njia ile miaka 30. Walipatana kijana alipe kidogo kidogo katika mshahara wake, mwezi kwa mwezi, nayo ilichukua zaidi ya mwaka.

Wako wenzetu waliosema kwamba A-ma alivuka pasipo mahali pa kuvukia. Yamkini. Lakini asiye na leseni hana kinywa cha kujitetea, na hata kama angekuwa nacho, mfupa wa A-ma ulikuwa umekwisha kuvunjika. Wala hasara haikuwa ya kijana peke yake. Kwa miezi kadhaa jirani hawakuwaleta watoto wao darasani, maana walimu wa kanisa walikuwa wamekuwa watu waendeshao bila ruhusa. Mzee wa usharika alipita nyumba kwa nyumba, akiinama na kuomba radhi kwa ajili ya mtu asiye wa ukoo wake. Twamwambia baba aliyetuandikia: mwanao na anunue skuta, lakini kwanza na akae foleni ya mtihani, hata kama atakwenda kazini kwa basi miezi 3.

Limebaki neno la kofia. Huko Taiwan, tangu Juni 1997, kila apandaye, dereva na abiria, sharti avae kofia ngumu, la sivyo hutozwa faini. Nanyi mwajua jinsi abiria wetu wa bodaboda, hasa akina mama waliosuka nywele, waionavyo kofia. Lakini hata kule, juu ya watoto tuliona ulegevu: mzazi amevaa, mtoto amesimama sakafuni kichwa wazi. Baada ya masomo ya jioni akina mama walituomba tuwapeleke watoto wao nyumbani, mmoja mmoja, maana sheria yaruhusu abiria mmoja nyuma. Tukasema hatumpakii asiye na kofia. Walicheka, wakasema nyumba i karibu. Basi tulinunua kofia ndogo, yenye picha ya paka, tukaitundika katika ndoana. Juma la kwanza hakuna aliyeitaka. Juma la tatu watoto walikuwa wakiigombania mlangoni, ikabidi tununue ya pili, nayo ikawa na paka vile vile, maana walikataa yenye samaki.