Nusura Niizunguke Dunia

Akina mama wenzangu, msinicheke mkisikia mama wa Marangu anazungumza habari za kuizunguka dunia. Mimi mwenyewe nilicheka kwanza. Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2023, kahawa imeanza kuiva, nami nipo jikoni namenya ndizi za mchana, simu ikalia. Alikuwa mwanangu wa kwanza, anayeishi Minneapolis, Marekani. Akasema, "Mama, sisi watatu tumekubaliana. Tunataka upate tiketi moja itakayokufikisha kwetu sote."

Watoto wangu ni watatu, wala hakuna hata mmoja aliyebaki mlimani. Baada ya huyo yuko binti yangu, muuguzi huko Frankfurt, Ujerumani, na kitinda mimba wetu yuko Sydney, Australia. Huyo wa Minneapolis ana watoto wawili ambao nimewaona kwenye simu tu. Binti alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi sita.

Nilishuka Moshi mjini kwa wakala wa tiketi nikidhani nitaambiwa hakuna kitu kama hicho. Kumbe kipo. Shirika la ndege la Ethiopia, ambalo hutua pale KIA, limo tangu mwaka 2011 katika umoja wa mashirika uitwao Star Alliance, na umoja huo huuza tiketi ya kuzunguka dunia. Yule binti wa ofisini alinichorea kwenye karatasi: KIA, Addis Ababa, Frankfurt, Minneapolis, Los Angeles, Sydney, Singapore, Addis Ababa tena, nyumbani. Masharti yake ni haya. Safari ianze na kuishia nchi moja, Atlantiki ivukwe mara moja na Pasifiki mara moja, yote yamalizike ndani ya mwaka mmoja, na mwendo uwe wa upande mmoja tu. "Tarehe unaweza kubadilisha, Mama," akasema, "lakini kurudi nyuma huwezi."

Bei ilizidi shilingi milioni kumi. Watoto wangetoa sehemu kubwa, nasi tungejazia kwa akiba yangu ya kikundi na kwa kumuuza mtamba wetu. Hapo bado viza tatu. Ya Ujerumani wakati ule ilikuwa yuro 80, ya Marekani dola 185 pamoja na safari ya kwenda kuhojiwa ubalozini Dar es Salaam, na ukinyimwa, fedha hazirudi.

Jioni nilimwonyesha mume wangu ile karatasi. Ni mwalimu mstaafu, hivyo akaisoma kama anayesahihisha mtihani. Akaona kwamba ndege ya Los Angeles inaondoka Jumamosi usiku na kufika Sydney Jumatatu asubuhi. Akanieleza kuwa katikati ya Pasifiki upo mstari wa tarehe, na anayeuvuka akielekea magharibi huruka siku nzima. Kisha akavua miwani. "Sasa mama, Jumapili yako itakwenda wapi?" Tulicheka hadi mama mkwe akauliza kuna nini.

Mama mkwe wangu ni mzee sana. Macho yamefifia, na chakula anakubali kutoka mkononi mwangu tu. Nilimweleza kwamba watoto wananiita. Akauliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamwambia, kwa wote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa wote ni kwa nani?"

Nilidhani hakunielewa. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilihesabu siku. Kila mtoto angenipata majuma matatu, mengine yaliwe na viwanja vya ndege. Kwa binti yangu ningefika siku chache kabla hajajifungua, na mtoto akiwa na majuma mawili niwe nimeshapanda ndege kwenda Minneapolis. Na kama mama mkwe angezidiwa nikiwa upande wa pili wa dunia, tiketi ile isingenirudisha. Ningenunua nyingine, kwa fedha ipi?

Siku ya pili nilimpigia binti yangu kumwambia mpango. Hakulalamika, siyo tabia yake. Alisema tu, "Mama, katika majuma mawili utanipikia mtori mara ngapi?"

Ninyi mnajua. Kwetu mlimani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori, anakandwa kwa maji ya moto, hashiki hata ufagio. Mumewe binti ni kijana mwema lakini anafanya kazi ya zamu, wala hajawahi kuponda ndizi. Viza ya Ujerumani, nilipouliza, huruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 katika siku 180. Miezi mitatu kamili! Hapo niliamua. Nikanunua tiketi ya kawaida, kwenda Frankfurt na kurudi.

Kumwambia mwanangu wa Minneapolis ndiyo ilikuwa kazi. Yeye ndiye aliyelileta wazo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa fedha. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Wanangu nao ni wajukuu, Mama." Sikuwa na jibu. Nililia, naye alisikia kwamba ninalia, na hilo halikumsaidia yeyote kati yetu.

Nilikaa Frankfurt siku 86. Ndizi nilizipata katika duka la Waafrika, ghali kama nyama. Mjukuu nilimwogesha mwenyewe tangu siku alipotoka hospitali hadi alipoanza kunicheka. Na mama mkwe, ambaye nilimwogopea vile, hakuugua hata mafua. Mume wangu alijifunza kumlisha, tena baadaye nikasikia alikuwa akimsifu kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba Marangu kulikuwa na jambo lililonizuia. Ningeweza kuzunguka. Mwanangu anajua hivyo. Mpaka leo akipiga simu huniuliza kwa utani, "Mama, umeshafika Marekani?" nami nasikia mwiba ndani ya ule utani.

Mtamba sikumuuza. Alizaa wakati nikiwa Ujerumani, na sasa anakamuliwa asubuhi na jioni. Maziwa ya jioni nauza kwa jirani, na fedha yake naandika katika daftari ambalo juu yake nimeandika jina la mwanangu huyo.