Sufuri za Naivasha

Niliwahi kuandika ripoti iliyosema kwamba wafanyakazi wa shamba moja la maua la Naivasha, Kenya, wananyanyaswa kidogo kuliko wenzao wa Ulaya. Niliitia saini, nikalipwa. Haikuwa kweli, na kosa halikuwa la waliojibu maswali.

Kipimo chenyewe kinaheshimika: hojaji ya maswali 22 ya Ståle Einarsen wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na wenzake. Mtu huulizwa ni mara ngapi, katika miezi sita iliyopita, amefokewa, amesengenywa, amelimbikiziwa kazi isiyowezekana au maoni yake yamepuuzwa. Majibu huanzia kamwe hadi kila siku. Nilikitafsiri kwa Kiswahili sanifu, nikadhani kazi imekwisha.

Miezi sita! Wengi niliowahoji walikuwa vibarua wa msimu, walioongezwa kwa ajili ya waridi za Valentine na kuachishwa soko lilipopoa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi ahesabiwe kuwa na mkataba wa mwezi, na wapo waajiri wanaompumzisha mtu kabla siku hazijatimia. Waliojibu "kamwe" kuhusu maoni kupuuzwa hawakunidanganya hata kidogo. Nani aliwahi kuwaomba maoni? Mimi nikaandika sufuri na kuihesabu kuwa neema.

Mama mmoja wa kupanga mashada, vidole vyake vimezungushiwa plasta kwa sababu ya miiba, alijibu "kamwe" mfululizo huku akitazama dirisha la ofisi ya supavaisa. Meza yangu ilikuwa imewekwa hapo na menejimenti, nami nilishukuru kwa kivuli. Tulipomaliza akaniambia, "Dada, umeniuliza kama nimetukanwa. Hujaniuliza kama jina langu litasomwa getini kesho." Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi. Kwenye kompyuta hayakuwa na safu, nikayaacha.

Kuna jambo jingine ambalo mkazi yeyote wa Bonde la Ufa angenikanya mapema. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, wafanyakazi waliotoka magharibi mwa nchi walikimbilia kituo cha polisi na gerezani kutafuta usalama. Katika mji huo, kumlalamikia supavaisa kunaweza kusikika kama kulilalamikia kabila lake. Nami niliwatuma wasaidizi ambao lafudhi zao zilitangaza walikotoka kabla ya swali la kwanza.

Kanuni niliijua. Kabla ya kulinganisha wastani wa watu wa nchi mbili, unapima kwanza kama maswali yana uzito uleule pande zote mbili. La sivyo unalinganisha debe na kilo. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jambo hilo. Lakini tarehe ya kukabidhi ripoti ilikuwa imekaribia, na jedwali lenye Kenya upande mmoja na Ulaya upande mwingine lilipendeza macho. Ripoti ya 2012 ya shirika la Kenya Human Rights Commission kuhusu wanawake wa mashamba ya maua nilikuwa nayo mezani, na ilieleza wazi usumbufu wa kingono. Niliona imeegemea masimulizi mno.

Baadaye nilikaa na wanawake kadhaa katika mtaa wa Karagita, mbali na shamba, nikawaomba wanitajie wenyewe mambo yanayowaumiza kazini. Walitaja kuomba ruhusa ya kwenda msalani na kuhesabiwa dakika. Walitaja kurudishwa ndani ya grinihausi dawa ikiwa bado inanuka. Walitaja mkataba unaopatikana kwa "kuonana" na mkubwa, na hapo wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akacheka. Katika maswali yangu 22, lile la getini halimo, na lile la dawa halimo.

Wawakilishi wa wafanyakazi walipoomba utaratibu wa kusoma getini majina ya wanaopata kazi ubadilishwe, walionyeshwa jedwali langu. Niliandika barua kuomba liondolewe. Nilijibiwa kwamba nakala imeshapelekwa kwa wanunuzi na ukaguzi wa mwaka huo umefungwa.