Makumbusho Yamfae Kila Mgeni

Makumbusho, kwa asili ya neno lenyewe, ni mahali pa kukumbushana. Neno hilo halitaji macho wala miguu. Hata hivyo, wazee wetu wengi na jamaa wenye ulemavu huishia mlangoni, ilhali urithi uliomo ndani ni wao.

Katika familia yetu jambo hili lina uzito. Mama yetu mkubwa alisuka mikeka na misala ya ukindu kwa miaka mingi, kabla macho yake hayajapoteza nuru. Mwaka jana tulikwenda naye, pamoja na watoto, kwenye makumbusho madogo ya sanaa katika mji mmoja wa pwani. Mlangoni palikuwa na vidato vitatu visivyo na pa kushika. Ndani, msala wa kale ulitundikwa ukutani, na maelezo yake yameandikwa kwa herufi ndogo mno. Alipoomba kuupapasa ukingo wake, mhudumu alitujibu sisi badala yake: "Mwambieni bibi hairuhusiwi." Usiku ule aliwaambia wajukuu kwamba makumbusho ni ya wenye macho. Tuliumia, kwani mle ndani hapakuwa na aliyeujua ukili kumshinda yeye.

Hatupuuzi wajibu wa kuhifadhi. Jasho na mafuta ya vidole huharibu vitu vya kale. Lakini njia zipo. Katika mji wa Ancona, Italia, mwaka 1993, Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona, walianzisha Museo Tattile Omero, ambamo mgeni hualikwa kugusa. Humo zimo nakala nyingi za kazi mashuhuri, ili mikono ipate kujifunza bila asili kuharibika. Mwaka 1999 bunge la nchi hiyo liliyatambua kuwa makumbusho ya taifa.

Kwetu sisi, meza moja yenye kipande cha mkeka mpya, kawa, marufaa na ubao wenye nakshi ingetosha kuanzia. Kidato cha sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180, kwa kipimo cha kawaida cha moja kwa kumi na mbili. Na pale ambapo nyumba ya kale haifai kuguswa, mteremko wa mbao imara huwekwa na kuondolewa. Herufi kubwa na kiti cha kupumzikia havina gharama kubwa. Kumsemesha mgeni mwenyewe hakuna gharama kabisa.

Wala hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unayataja makumbusho kwa jina.

Tumewaandikia wasimamizi wa makumbusho yale. Pamoja na barua tumepeleka pindi moja ya ukili, aliyoisuka mama mkubwa mwezi huu kwa vidole visivyosahau, iwekwe mahali ambapo kila mgeni ataruhusiwa kuishika. Tunangoja jibu.