Wastani Uliniulia Samaki

Najua nimepotea kidogo, na wengine wenu mnangoja sehemu ya pili ya lile somo la hifadhidata. Itakuja, subira jamani. Leo naomba nizungumze juu ya samaki. Msikimbie, programu imo ndani yake.

Mama yangu anaishi karibu na mji wa Kakamega. Nyuma ya nyumba yake ana kidimbwi cha samaki, mita 6 kwa 4, kina mita 1, kimetandikwa karatasi nzito ya plastiki. Upande ule ufugaji wa samaki si jambo geni. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi vya mita mraba 300 katika maeneo bunge mengi ya nchi. Mama hakupata. Miaka ikapita, mwishowe akachimba chake kidogo kwa pesa za chama, akatia vifaranga 120 wa tilapia.

Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika familia, basi nikataka kusaidia kwa njia ninayoijua. Nikanunua kihisi cha kupima oksijeni iliyoyeyuka majini, nikakiunganisha na kompyuta ndogo ya bei rahisi yenye laini ya simu. Kilipima kila baada ya dakika 10. Ili nisimalize pesa kwa SMS, niliandika programu ijumlishe vipimo vya siku nzima, igawanye, kisha initumie namba moja tu jioni. Wastani.

Namba ilikuja 6, siku nyingine 6.5, yaani miligramu 6 za oksijeni katika kila lita ya maji. Tilapia hana shida hata kwa 4. Nikampigia Mama simu: "Maji yako ni mazuri sana. Ongeza chakula wakue haraka."

Akasema, "Sawa. Lakini mwanangu, alfajiri nikienda kukamua ng'ombe nawakuta wote wako juu, midomo nje, kama wanaotafuta hewa."

Nikacheka. "Mama, wanakungoja uwalishe tu."

Wiki ile kulikuwa na mawingu siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu simu ikalia kabla sijaamka. Samaki 83 walikuwa wanaelea. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba waliokufa walikuwa wale wakubwa, waliokaribia kuuzwa. Wadogo wengi walipona. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na ile mashine yako ilisema nini?"

Ilisema 6 juzi yake, na 5 jana yake.

Nikafungua kumbukumbu zote, kipimo kwa kipimo, kazi ambayo ningeifanya tangu mwanzo. Saa tisa alasiri oksijeni ilikuwa ikipanda mpaka 12. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa 1, siku nyingine chini ya 1. Ukichanganya viwili hivyo unapata namba ya kupendeza, na hakuna samaki anayevuta wastani.

Sababu yenyewe ni rahisi. Maji ya kidimbwi yakiwa ya kijani, yamejaa mwani. Mchana mwani hutumia jua na kutoa oksijeni. Usiku jua halipo, mwani wenyewe huvuta oksijeni, samaki huvuta, na bakteria wanaoozesha mavi na chakula kilichobaki huvuta pia. Akiba hupungua usiku kucha, na kiwango cha chini kabisa hufika karibu na mapambazuko. Siku ikiwa na mawingu, mwani hutengeneza kidogo, usiku unaanza na akiba ndogo. Chakula nilichosema kiongezwe kilizidisha uozo. Tena Kakamega iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yanayoweza kushika miligramu 8 hivi kule Mombasa, huku hushika karibu 7 tu, kwa sababu hewa ni nyepesi.

Basi tukafanya hivi:

1. Tulinunua pampu ya hewa ya wati 35, mipira miwili, na vijiwe viwili vyenye matundu madogo vya kuweka chini. Msidhani ni mapovu yenyewe yanayoleta oksijeni nyingi. Kazi yake kubwa ni kuyainua maji ya chini yaje juu yakutane na hewa.

2. Pampu inafanya kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Alasiri tunaizima, kwa sababu maji yakishazidisha oksijeni, kuyakoroga kunaifukuza iende zake. Saa 10 kwa wati 35 ni uniti 0.35 kwa usiku mmoja.

3. Pampu imewekwa juu ya usawa wa maji. Ikikaa chini, stima ikipotea maji hurudi kwa mpira na kuiua.

4. Kuna betri ya volti 12, ampea-saa 100. Nusu ya chaji yake inatosha usiku mmoja bila stima.

5. Mama hupima ukijani kwa mkono. Huuzamisha hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea mapema kabla kiwiko hakijafika majini, mwani umezidi, kwa hiyo anapunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji.

Na programu? Nilibadilisha mstari mmoja. Haitumi tena wastani, inatuma kipimo cha chini kabisa cha usiku, na saa kilipotokea. Kikishuka chini ya 3 inatuma SMS papo hapo. Haiji kwangu Nairobi, inakwenda kwa Mama, kwa sababu yeye ndiye aliye hatua 20 kutoka kidimbwini.

Kazini pia nimeanza kuyaangalia mambo hivyo. Zamani nilikuwa naandika ripoti kwamba seva yetu inajibu kwa wastani mzuri. Sasa namtafuta kwanza yule mteja aliyengoja kuliko wote.

Mama ametia vifaranga wengine 80 mwezi uliopita. Wiki jana alinipigia: "Jana usiku ilikuwa 4.2, saa kumi na moja kasorobo. Lakini nilitoka kuwaangalia mwenyewe." Nikamwambia amefanya vizuri, na sikucheka.

Haya, wiki ijayo tutarudi kwa hifadhidata. Mwenye kidimbwi nyumbani, kesho aamke kabla ya jua akatazame.