Mbuzi wa Guniani: Tafakuri Kuhusu Soko Lisilo na Uso

Kiswahili kililelewa sokoni. Maneno soko, duka, bei, ghali na rahisi yote tuliyapokea kutoka Kiarabu, nayo yalitia nanga katika pwani yetu pamoja na majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Hili hufundishwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaliandika daftarini na kulisahau mara tu mtihani unapokwisha. Hata hivyo, maneno hayo yangali yanafanya kazi kila uchao, na aghalabu yanatuonya juu ya mambo ambayo hatuna muda wa kuyasikiliza.

Chukua neno rahisi. Kwetu sisi lina maana mbili: kitu cha bei nafuu, na jambo lisilo gumu kutendeka. Mwenye duka la kawaida hawezi kukuuzia zote mbili kwa pamoja. Ukitaka rahisi ya bei, sharti uteseke kidogo: uamke alfajiri, upande matatu hadi Gikomba, uiname juu ya marundo ya mitumba, upekue, upime, ubishane. Ukitaka rahisi ya kutotaabika, basi utaingia katika duka lenye vioo na mhudumu mwenye sare, na mfuko wako utasimulia yaliyoupata. Soko la mtandaoni ndilo la kwanza kutuahidi rahisi zote mbili kwa mkupuo mmoja: bei ya Gikomba na starehe ya kitanda chako. Ahadi ya namna hiyo yafaa kutazamwa kwa jicho la pili.

Siwasemi vibaya wanaoifanya biashara hii. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, fedha zetu zilijifunza kusafiri bila kubebwa, na janga la Korona lilipotufungia majumbani mwaka 2020, wengi wetu tulijifunza kwamba hata unga na sabuni vyaweza kufika mlangoni kwa pikipiki. Nawajua wanafunzi wenzangu wanaolipa karo kwa kuuza mikoba na manukato kupitia rununu zao, na ni waaminifu kuliko baadhi ya maduka makubwa ya mjini. Ninachokichunguza hapa ni yale yanayompotea mnunuzi pindi sokoni kunapokuwa hakuna uso wa kutazama.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana nilihitaji kamusi pana ya Kiswahili kwa ajili ya tasnifu yangu. Nakala za maktabani haziazimwi, nayo madukani ilikuwa imeadimika. Nikaipata katika ukurasa wa muuzaji mmoja wa vitabu mtandaoni. Bei ilikuwa shilingi 2,400, nafuu kiasi, lakini si nafuu ya kutia shaka. Niliuliza iwapo ni nakala halisi ya mchapishaji, nikajibiwa, "Ni orijino kabisa, mteja wetu mpendwa." Niliomba picha ya jalada, ya uti wa kitabu na ya kurasa za mwanzo; nikaletewa zote. Niliomba kulipa nikiipokea. Nikaambiwa kwamba mtindo wao ni kutanguliza malipo, kwa sababu wateja huagiza vitu kisha wakazima simu. Nililiona hilo kuwa la haki, maana nami nisingependa mwendesha pikipiki azunguke mji mzima kwa ajili ya mtu asiyepatikana. Nikalipa. Siku ya pili kijana wa boda boda akanipigia: "Dada, niko hapa getini." Nikapokea kifurushi kilichofungwa vizuri kwa utepe wa plastiki, naye akaondoka mbio, kwani alikuwa na vingine sita vya kufikisha.

Jalada lilikuwa lile lile la pichani. Ndani, nikapigwa na butwaa. Ilikuwa kamusi iliyorudufiwa kwa mashine, maandishi yamepinda upande mmoja kama mtu aliyelalia shingo vibaya, na wino ukibaki vidoleni. Hayo ningeyastahimili. Msiba ni kwamba baada ya neno la mwisho la herufi L, ukurasa uliofuata ulianza na herufi N. Herufi M yote ilikuwa imerukwa. Wewe msomaji uliyesoma ngeli unaielewa hasara hiyo. Kamusi isiyo na M haina mtu wala mti, haina mama, haina mwalimu wala mwanafunzi, haina maji. Haina hata mteja, ingawa muuzaji wake alikuwa ameniita hivyo mara tatu.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtumia picha. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, tofauti na mazungumzo yetu yote ya awali, likinieleza kwamba mali iliyokwisha kuuzwa hairejeshwi, na kwamba nilikubali masharti nilipoagiza. Kwa kweli masharti yalikuwapo. Yalikuwa kurasa nne za Kiingereza cha mawakili, na nilikuwa nimeyasoma yote kabla ya kulipa. Hapakuwa na sharti hata moja lililosema kwamba kitabu kitaletwa bila herufi M. Nilipomwambia hivyo, aliniahidi kuwasiliana na "ofisi kuu". Juma moja baadaye ukurasa ulikuwa umetoweka na nambari haikupatikana tena.

Nikaenda kutafuta haki yangu ilipoandikwa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 nayo ina vifungu kuhusu mikataba inayofanyika kwa intaneti. Hata ile sheria kongwe ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, yataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo iafikiane na maelezo hayo. Kwa hivyo ule msemo ulioandikwa chini ya risiti nyingi mjini, kwamba mali ikiuzwa hairejeshwi, haumpi muuzaji ruhusa ya kukuletea kitu tofauti na ulichoahidiwa. Fauka ya hayo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufungua milango Milimani, Nairobi, Aprili 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyaamua katika siku 60.

Kwenye karatasi, basi, nilikuwa na silaha za kutosha. Lakini kila shauri huanza kwa swali moja: unamshtaki nani, na anapatikana wapi? Mimi nilikuwa na nambari iliyozimwa na jina la duka lisilo na mtaa. Haki yangu ilikuwa kamili kutoka A hadi Z, ila haikuwa na mtu wa kudaiwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama anayeniuzia mboga nje ya lango la nyumba yetu. Yeye hana masharti yaliyoandikwa. Ana lugha. Ninapouliza bei ya nyanya, hunijibu kwa bei ya kusemea, nami namwomba aniambie ya kuuzia. Hucheka. Katika kicheko hicho nasikia iwapo nyanya ni za leo au za juzi. Nikishika iliyolainika, hunitazama, nami namtazama, maana macho hayana pazia. "Hiyo wacha, mwanangu, chukua hii," husema, kisha hunitilia nyongeza ya dania. Tukikosana leo, kesho nitapita pale pale na atakuwa amekaa pale pale. Biashara haigombi, walisema wahenga, nami nadhani walikuwa na maana kwamba biashara haiwezi kugomba, kwa kuwa wanaoifanya watakutana tena. Kupatana bei ni mtihani mfupi wa tabia, na Kiswahili ndicho karatasi ya mtihani huo.

Mtandaoni mtihani huo umefutwa. Bei haina mwenye kuisema, kwa hivyo haina kituo, kigugumizi wala kicheko. Methali yetu isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, imekosa pa kusimama, kwa sababu huko kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa picha za ubora mmoja. Nayo ile ya kununua mbuzi kwenye gunia imezidiwa. Mnunuzi wa zamani aliweza angaa kulipapasa gunia na kusikia mnyama akilia. Mimi nilinunua picha ya gunia.

Wazee wetu walikuwa na neno arubuni, yaani fedha anazotanguliza mnunuzi ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine. Neno hilo limekaa jirani mno na kitenzi rubuni, yaani kumhadaa mtu kwa maneno matamu. Kama ujirani huo ni wa nasaba au wa sauti tu, nawaachia wanaisimu wa historia. Ninachojua ni kwamba arubuni ilikuwa sehemu ya bei, si bei yote, na iliyobaki ilikaa mkononi mwa mnunuzi hadi mali ionekane. Mila hiyo ndogo ilimlinda mtu kuliko kurasa nne nilizozisoma.

Kuna aliyenipa ushauri. Mwenzangu mmoja wa bwenini aliipekua ile kamusi, akasema kwa upole, "Iuze kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa shilingi elfu moja. Hataitambua kasoro mpaka muhula wa pili." Hakuwa akitania, na sikumwona kuwa mtu mwovu. Elfu moja ni chakula cha siku kadhaa. Lakini nilipoyawaza maneno hayo usiku, niliona jinsi kamusi ile ilivyonifikia. Yamkini alikuwapo mtu kabla yangu aliyekuwa na hasara yake, akaifuta kwa kunipa mimi. Kabla yake yuko aliyewanyang'anya waandishi na mchapishaji jasho lao kwa mashine ya kurudufu. Waandishi hao ni watu wa taaluma yetu. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili wamefundishwa nao. Kila mmoja katika mnyororo huo alijiambia kwamba wa baadaye hatajua. Kamusi ile iko juu ya kabati langu hadi leo, haiuzwi. Herufi M niliisoma maktabani, jioni baada ya jioni, kwa kalamu ya risasi na daftari, mpaka msimamizi wangu akaniuliza kwa nini sura ya pili imechelewa.

Sasa nirudi kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, maana sikukusudia kuwaliza kwa ajili ya shilingi 2,400. Ibara ya 7 ya Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, angalia jinsi muuzaji wangu alivyozigawa lugha hizo. Kiswahili kilitumika kunikaribisha. Kiingereza kilitumika kunifungia mlango. Kiswahili kilikuwa cha "mteja wetu mpendwa". Kiingereza kilikuwa cha masharti. Mgawanyo huu haukuanza naye. Ni ule ule wa benki zetu, wa bima zetu, na wa mikataba mingi tunayotia sahihi: tunabembelezwa kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine. Mimi niliyasoma masharti hayo kwa kuwa nina shahada. Jirani yangu anayeagiza sare za watoto kwa rununu atabofya neno la kukubali asilolielewa, na sheria itamhesabu kuwa amekubali.

Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu mtindo, taswira na dhamira, na sizibezi, kwani nami naandika moja. Lakini katika idara zetu wamo wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta matini ya kufanyia mradi kila mwaka. Masharti ya ununuzi mtandaoni ni matini. Yana istilahi zinazongoja kukubaliwa: tuseme mtumiaji, mlaji au mteja? Kurejesha mali na kurejeshewa fedha tuvitofautisheje kwa namna ambayo mama wa sokoni ataielewa bila kuelezwa mara mbili? Kundi moja la wanafunzi, kwa muhula mmoja, laweza kutoa mfano wa masharti wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili safi, kisha likawapa wale wenzetu wanaouza mikoba na manukato wautumie bure. Muuzaji mwaminifu ataupenda, kwa kuwa utamtenga na matapeli. Na ukurasa huo uanze na mambo mawili ambayo hakuna sheria iliyoweza kunipatia: jina la muuzaji, na mahali anapopatikana.