Itebero: Gari ilibaki Goma, turbo ikafika na fundi

Nyuma ya nyumba moja ya mbao hapa Itebero, katika tarafa ya Walikale, kuna bashi iliyofungwa juu ya mianzi minne. Chini yake fundi mmoja, baba wa watoto watatu, anatengeneza pikipiki tangu asubuhi. Vita vilimhamisha Masisi, kisha Goma. Katika pembe, juu ya kibao, kuna kitu kimefungwa ndani ya kitenge cha bibi yake. Watoto wamekatazwa kukigusa. Ni turbo mpya ya gari ya mbio.

Gari yenyewe ilibaki Goma. Ni Subaru Impreza iliyotumika kwanza Japani. Fundi aliinunua ikiwa imekufa moteri, akaisukuma na vijana wa mtaa mpaka ndani ya lupango lake. Alikuwa ameipenda aina hiyo tangu utotoni, aliposikia kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiendesha Subaru.

Kwa miaka miwili, jioni baada ya kazi za watu, alikuwa akifungua na kufunga moteri ile. Majirani walifikiri kuongeza nguvu ya gari ni kukaza bulo moja tu ili turbo isukume zaidi. Yeye alijifunza kwamba sivyo. Moshi unaotoka ndani ya moteri huzungusha gurudumu dogo la turbo, na gurudumu hilo huzungusha lingine linaloshindilia hewa ndani ya moteri. Linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Hewa ikiongezeka, esanse nayo lazima iongezeke kwa kipimo chake. La sivyo, joto linapanda na pistoni zinatoboka. Kwa hiyo alianza na breki, akafuata radiata, kisha pampu ya esanse. Walimcheka: gari haitembei, lakini ina breki mpya! Turbo ilikuwa pyesi ya mwisho. Aliilipa kidogo kidogo mpaka ikawa yake.

Hakupata siku ya kuifunga. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Familia ilitoka na mifuko miwili, na ndani ya mmoja, katikati ya unga na nguo za watoto, mlikuwa na turbo. Bibi yake alimuuliza njiani kwa nini alibeba chuma akaacha sufuria. Hakuwa na jibu. Huku Itebero swali hilo lilirudi kila chakula kilipopungua. Kuna mfanyabiashara aliyetaka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Bibi alisema auze, fundi alisema angoje. Walilala bila kusemezana.

Kisha Land Cruiser moja ya mazuti ikasimama barabarani, kwenye njia ya Bukavu. Ilibeba bidoni za mawese na abiria, kati yao mama aliyekuwa anapeleka mtoto mgonjwa hospitali. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu. Shoferi alikuwa ameambiwa turbo imekufa, lazima nyingine iagizwe Bukavu. Pesa hizo hakuwa nazo, na mama yule hakuwa na siku za kungoja.

Fundi hakukimbilia kukubali. Moshi mweusi, aliwaeleza waliosimama pale, mara nyingi ni hewa kukosa: filtri imejaa vumbi au tiyo imepasuka. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Lakini mafuta hayo yanatoka wapi? Alifungua tiyo ya hewa, akashika gurudumu dogo kwa vidole viwili, akalitikisa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Halikugusa ukuta. Basi turbo ilikuwa bado nzima. Alifungua tiyo ya chini, ile inayorudisha mafuta ndani ya moteri, akakuta imezibwa na mafuta yaliyoungua, magumu kama lami. Mafuta yakikosa pa kushuka, yanajipenyeza ndani ya hewa na kuungua.

Aliikwangua kwa waya na kuiosha kwa mazuti. Tatizo lilibaki kwenye rondela za shaba za tiyo ya juu, ile inayoleta mafuta: mbili zilikuwa hazizuii tena, na hapa hazipatikani. Alisimama kidogo, akaenda kwenye kibao, akafungua kitenge. Ndani, pamoja na turbo yake, mlikuwa na rondela mpya. Moja tu ilienea. Kwa ya pili alichukua rondela kuukuu, akaiweka kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini. Shaba ikipitishwa hivyo inakuwa laini tena, na inaziba.

Kabla ya kuwasha alimimina mafuta ndani ya turbo, maana dakika ya kwanza bila mafuta inaweza kuiua. Moshi wa bluu ulitoka kidogo, ukapungua, ukaisha. Alimwachia shoferi maneno mawili: abadilishe mafuta kwa wakati, na baada ya mlima mrefu aache moteri inguruma taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuizima, ili turbo ipoe mafuta yakiwa bado yanapita. Gari iliondoka alfajiri. Yule mama alikaa mbele na mtoto wake.

Malipo yalikuwa pesa kidogo na bidoni moja ya mawese. Jirani wa Goma alikuwa amepiga simu juma hilo: Subaru bado iko chini ya bashi, lakini magurudumu yameondolewa.

Jioni bibi alikuta kitenge kimeachwa wazi juu ya kibao. Alipangusa vumbi kwenye turbo, akakunja kitenge vizuri, akaifunga mwenyewe. Kisha akaenda kuwasha moto.